Vitu vya Mfukoni katika Nchi ya Shaba

Kila mtu, awe tajiri au maskini, ana vitu vidogo asivyopenda kuviacha nyumbani. Zamani palikuwa na kisu na kibweta cha ugoro. Leo ni funguo, kitambulisho, tochi, na hasa simu. Vitu hivi twavishika mara nyingi kwa siku, hata hatuvitazami tena. Walakini mambo ya nchi yaweza kusomwa katika mfuko wa mtu kama yasomwavyo vitabuni. Basi, ndugu wasomaji, natufungue mifuko ya watu wa Kolwezi na nchi ya Lualaba, tangu zamani hata leo, tukiuliza maswali mawili tu: kitu hiki kimetoka wapi, na je, mwenye kukichukua aliijua thamani yake?

Misalaba ya kiunoni

Mbali kaskazini ya migodi yetu, katika bonde la Upemba, mto Lualaba hupita kati ya maziwa mengi. Kando ya ziwa moja, liitwalo Kisale, pana mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua huko makaburi ya kale, na tangu miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo. Waliona kwamba watu wa kale walizikwa pamoja na vitu vyao: vyungu, visu, bangili na mikufu. Baadhi ya makaburi hayo yana umri wa miaka zaidi ya elfu moja. Shaba ilikuwamo nyingi, na hali bonde lile halina shaba. Ilitoka kusini, katika vilima vya nchi ya migodi, ikapita mikononi mwa wachuuzi hata ikafika ziwani.

Tangu yapata karne ya 13 chaonekana makaburini kitu kipya, nacho ni vipande vya shaba vyenye umbo la herufi X. Wazungu walipoviona waliviita misalaba midogo ya Katanga. Msomaji asidhani kwamba huo ni Msalaba wa Bwana wetu. Injili ilikuwa haijafika katika nchi ile. Ni umbo la kalibu ambamo shaba ya moto ilimiminwa. Misalaba ya kwanza ilikuwa mikubwa na michache, nayo ililazwa juu ya kifua cha marehemu. Karne zilizofuata ikawa midogo na mingi, yenye vipimo vilivyokaribiana, nayo hukutwa karibu na kiuno au mikono ya maiti, pengine imefungwa pamoja. Kwa hiyo wataalamu husadiki kwamba misalaba ile midogo ilikuwa fedha. Mtu aliichukua mwilini mwake kama sisi tuchukuavyo noti na sarafu.

Umbo hilo halikusahauliwa. Katanga ilipojitenga na Kongo, toka Julai 1960 hata Januari 1963, bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961 zilichorwa msalaba uleule. Watu walitumia tena mfano wa fedha ya mababu, ingawa serikali ile haikudumu.

Kula mkuba

Katika lugha nyingi za kwetu shaba huitwa mkuba. Mwaka 1926 mmisionari mmoja Mbenediktini, Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Katanga, aliandika makala kwa Kifaransa juu ya watu aliowaita walaji wa shaba. Maana ya jina hilo ni nyepesi: kula mkuba ni kupata mali kwa kazi ya shaba.

Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, mashamba yalipopumzika. Watu walichimba jiwe la kijani, wakachoma makaa, wakajenga matanuru madogo kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikatiririka. Walikuwapo mafundi wa kulijua jiwe, mafundi wa moto, na mafundi wa kuvuta nyaya za bangili. Tusiipambe kazi ile kupita kiasi. Ilikuwa ngumu na ya hatari, na wakuu walichukua fungu lao kwanza. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajifanya mfalme huko Bunkeya, alipata nguvu kwa biashara ya shaba, na pia kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Hata hivyo jambo moja ni hakika. Mtu aliyejifunga misalaba kiunoni aliweza kujua imetoka kilima gani, na misalaba mingapi yatosha kununua jembe. Kitu na thamani yake vilikaa pamoja katika nchi moja.

Mambo hayo yalikoma upesi. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa mmoja wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganisha migodi na bahari ya Atlantiki kule Lobito, na mwaka 1937 mji wa Kolwezi ulianzishwa kwa ajili ya migodi. Shaba ilipita mbele ya macho ya watu katika mabehewa, ikaenda zake. Yaliyorudi ni vitu vilivyokwisha kufanywa, kila kimoja na bei yake kutoka mbali.

Buku na king'ora

Je, mfanyakazi wa siku zile alichukua nini mwilini? Kwanza karatasi. Katika Kongo ya Wabelgiji mtu hakuweza kuhama makao yake apendavyo; ilimpasa awe na kitabu cha kitambulisho, na pasi ya kuhama akienda kukaa mahali pengine. Kila mtu wa Katanga alilijua neno buku. Katika Kenya mambo yalikuwa mazito zaidi: tangu baada ya Vita Kuu ya kwanza wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikitia katika kikebe cha bati na kukining'iniza shingoni. Fikiri tofauti yake, ndugu msomaji. Msalaba wa kiunoni ulisema, "Mtu huyu ana mali." Karatasi ya mfukoni ilisema, "Mtu huyu ana bwana."

Kitu cha pili kilikuwa taa kwa waliofanya kazi chini ya ardhi. Katika migodi mingi ya dunia taa ya kabidi, iliyowaka kwa gesi ya maji na jiwe, ilifuatwa na taa ya umeme ya kufunga kichwani, yenye betri kiunoni. Saa ya mkono wachache tu walikuwa nayo. Saa ya kambi ilikuwa hewani, maana king'ora ndicho kilichowaamsha watu, kikawaita kazini na kuwarudisha nyumbani.

Kobalti katika sauti ya redio

Kisha ikaja redio. Mwaka 1949, kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei ndogo yenye umbo la sufuria, ili Waafrika wasikilize matangazo ya Lusaka. Ilihitaji betri kubwa, wala haikuweza kutiwa mfukoni. Lakini mwaka 1947 huko Marekani kilikuwa kimevumbuliwa kitu kidogo kiitwacho transista, na mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani. Miaka michache baadaye mtu aliweza kutembea barabarani huku redio yake ikiimba mkononi.

Wengi hawakujua kwamba ndani ya redio nyingi za wakati ule mlikuwa na kitu cha Katanga. Kipaza sauti chahitaji sumaku, na sumaku nzuri za siku zile zilichanganywa alumini, nikeli na kobalti. Katika Katanga kobalti hupatikana pamoja na shaba, katika jiwe jeusi. Mafundi wa kale hawakuwa na kazi nayo. Jina lenyewe latoka kwa wachimbaji wa Ujerumani, waliodhani kwamba zimwi la migodini huwadanganya kwa jiwe lisilotoa fedha wala shaba. Yapata mwaka 1735 Georg Brandt wa Sweden alionyesha kwamba ni metali mbali. Katika karne ya 20 Katanga ikawa ya kwanza duniani kwa kuitoa.

Sasa tazama jinsi nchi moja inavyogusa mifuko ya dunia nzima. Siku zile Mobutu alikuwa amelibadili jina la Katanga, nalo likaitwa Shaba, neno letu la Kiswahili, mpaka mwaka 1997. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka mjini. Mamia ya watu waliuawa, Waafrika na Wazungu. Migodi ilisimama, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Watengenezaji wa vipaza sauti wakaogopa, na wengi wakaacha sumaku za kobalti, wakatumia za namna nyingine. Damu iliyomwagika Kolwezi ilibadili hata redio za Ulaya na Marekani, na waliozisikiliza hawakuwa na habari.

Simu, na fedha iliyorudi kiunoni

Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipiga simu ya mkononi katika barabara ya New York. Simu yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, haikuchelewa. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha kampuni ya Telecel huko Kinshasa, mojawapo ya kampuni za kwanza za simu hizo katika Afrika. Lakini bei ilikuwa ya wakubwa tu. Raia wa kawaida alisubiri mpaka miaka ya 2000.

Simu haikuweza kuwa nyembamba bila betri nyepesi yenye nguvu. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba lithi na kobalti pamoja zaweza kutunza umeme mwingi katika nafasi ndogo. Akira Yoshino wa Japani akaifanya betri ya kufaa. Na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Mwaka 2019 wawili hao, pamoja na Stanley Whittingham, walipewa Tuzo ya Nobel. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97.

Betri ya simu ya kisasa ina gramu zipatazo 5 hadi 10 za kobalti. Kwa miaka ya karibuni, katika kila kilo kumi za kobalti ichimbwayo duniani, yapata saba zimetoka Kongo, na kwa sehemu kubwa katika nchi ya Kolwezi na Likasi. Shaba nayo imo ndani ya simu, katika njia nyembamba za umeme. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Kongo mwaka 2012, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Basi yametukia mambo ya ajabu: mtu wa Lualaba anachukua tena mwilini fedha yake iliyo ndani ya shaba ya nchi yake. Lakini mababu waliijua thamani ya msalaba wao. Je, sisi twaijua thamani ya simu yetu?

Hata kuijaza umeme ni somo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulimalizika mstari wa umeme wa kilomita zipatazo 1,700, kutoka bwawa la Inga karibu na bahari mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi. Nyaya zake zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata taa moja.

Kipimo ki mkononi mwa nani?

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye shirika la serikali likaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 lilitoa kwa mwaka shaba zaidi ya tani 400,000. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Fedha za kutengeneza mitambo hazikuwapo. Na mwaka 1994 shirika zima lilitoa tani zipatazo 30,000 tu. Mwaka 2002 sheria ya madini iliwaruhusu raia kuchimba kwa mkono katika maeneo yaliyotengwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Hivyo baba wengi walioshika taa ya kampuni waliona wana wao wakishuka mashimoni na tochi ndogo iliyofungwa kichwani kwa mpira.

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, jiwe jeusi liligunduliwa chini ya nyumba za watu, na mara wenyeji wakaanza kuchimba sebuleni na uani. Mwaka uleule shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walifanya kazi migodini kusini mwa Kongo. Tarehe 27 Juni 2019 ukingo wa shimo moja la mgodi, karibu na Kolwezi, uliwaporomokea wachimbaji wa mkono. Watu wapatao 40 au zaidi walikufa siku moja.

Tena kuna chombo kingine kidogo cha mkononi ambacho hakimo mfukoni mwa mchimbaji. Ni mashine ya mnunuzi, ambayo wachimbaji huiita Metorex. Mnunuzi huielekeza kwenye jiwe, nayo huonyesha kobalti ni ngapi katika mia. Bei hutoka hapo. Natufanye hesabu kwa mfano. Tuseme gunia la kilo 50 lina kobalti 2 katika mia; hiyo ni kilo moja, yenye kutosha simu 100 hadi 200, tusipohesabu itakayopotea kiwandani. Mashine ikisema 1 katika mia badala ya 2, nusu ya kazi ya mtu imetoweka pasipo yeye kuona. Wachimbaji wengi wamelalamika kwamba hawana njia ya kuhakikisha. Fundi wa kale alilijua jiwe lake kwa macho na moto wake. Mchimbaji wa leo hupewa habari za jiwe lake na yule anayelinunua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limeshikwa na mtu mmoja tu.

Mwezi Desemba 2019 wanasheria walifungua mashtaka huko Washington kwa niaba ya watoto waliokufa au kuumia migodini, dhidi ya Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla. Mwezi Machi 2024 mahakama ya rufaa iliyakataa. Ilisema kwamba kununua tu katika mlolongo mrefu namna hii si kushirikiana na waliotenda. Hayo ni maneno ya sheria, na sheria ina mipaka yake. Dhamiri yaweza kuuliza zaidi.

Yatupasayo

Katika mwaka uleule wa 1891 Msiri alipouawa, Papa Leo XIII alikuwa ametoa barua yake Rerum Novarum, akifundisha kwamba ujira wa haki si hisani ya tajiri bali ni wajibu wake. Na Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia wakubwa wa dunia kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa. Mafundisho hayo si ya wakubwa peke yao. Yatufikia hata sisi wenye simu za bei ndogo.

Hakuna asemaye tuzitupe simu. Simu huita mganga usiku, hupeleka karo ya mtoto, humsikilizisha mama sauti ya mwana aliye mbali. Lakini yafaa tuitunze kama kitu kilichonunuliwa ghali, hata kama sisi tulilipa kidogo. Anayeitengeneza badala ya kununua nyingine kwa fahari anaiheshimu mikono iliyochimba. Mzazi amkatazaye mwanawe kwenda shimoni siku ya shule anafanya jambo gumu, maana chungu chamngoja. Asiachwe peke yake. Masista wa Mchungaji Mwema wa Kolwezi, tangu miaka ya mwanzo ya 2010, wamewafundisha watoto wa migodini na kuwasaidia mama zao kupata kazi nyingine. Wamethibitisha kwamba msaada wa namna hiyo wawezekana.

Na wachimbaji wenyewe, kwa vyama vyao, wanayo haki ya kudai kipimo chao wenyewe, chenye kushikwa na mtu waliyemchagua. Kijana mmoja ajuaye hesabu na kemia ya jiwe jeusi aweza kuwafaa kuliko maneno mengi. Mababu zetu walikula mkuba kwa sababu waliujua. Sisi tumepewa kobalti, na maarifa yake yamekaa ng'ambo. Watoto wetu na wasome, ili siku moja, jiwe likitoka shimoni na kuwekwa sokoni, mwenye jasho awe wa kwanza kujua thamani yake.